Usi na Pengo la Wahda

Katika miaka yote aliyopiga dumbak, Usi hakupata kumwona mkewe akilia kwa wimbo. Alimwona akicheka, alimwona akipiga makofi, alimwona akijifunga kanga kiunoni na kuinuka; akilia, hapana. Ndiyo maana siku ile ya Idi, alipoinua uso kutoka kwenye ngoma iliyolala pajani mwake na kumwona Mwanamkasi, kwenye viti vya wanawake, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio huku Muhiddin akiimba, mkono wake wa kulia ulichelewa. Ukumbi haukulisikia kosa hilo. Bwana Champsi peke yake, kiongozi wa kikundi chao cha taarabu, alimtupia jicho la pembeni juu ya fidla yake, kisha akaendelea.

Usi alikuwa mtu wa Mikunguni, kwa baba na kwa babu. Mchana alikuwa fundi makochi, na kibanda chake kilijulikana kwa nyundo kabla ya kujulikana kwa makochi. Mafundi wengine hugongomea misumari ili ishike kitambaa. Usi aligongomea kwa mahadhi, na wapita njia, bila ya kujijua, walibadilisha mwendo wakayafuata mapigo ya nyundo ile mpaka walipovuka kona. Mikono hiyo ilikuwa imelelewa na kidumbak, ngoma ya harusi za mitaani, ambayo mapigo yake hayana kazi nyingine isipokuwa kuviamsha viuno. Bwana Champsi, muuza vitambaa wa Mji Mkongwe ambaye Usi alikuwa mteja wake, ndiye aliyemsikia siku moja akijaribu ubora wa turubali kwa vidole juu ya meza ya duka, akamwambia afike jioni kwenye chumba cha ghorofani ambamo kikundi chake cha taarabu kilifanya mazoezi.

Huko alifundishwa wahda. Ni mdundo wa pigo moja zito la chini, kisha mapigo mepesi ya kando, kisha mahali patupu panapoachwa wazi mpaka pigo zito lirudi. Mwanzoni Usi aliuona ni mdundo wa watu wavivu.

"Usi, hapa hatutengenezi kochi," Bwana Champsi alikuwa akimwambia. "Kila pahala penye nafasi wewe watia msumari. Mwache mwimbaji avute pumzi, baba!"

Alijifunza, na akawa hodari. Hata hivyo moyoni aliamini kuwa ngoma ya kweli ni ile inayomtoa mtu kitini. Alikuwa na ushahidi wake. Mwanamkasi alikuwa msichana wa Makunduchi aliyekuja mjini kwenye harusi ya binamu yake. Aliingia uwanjani wakati Usi anapiga, na kila Usi alipobadilisha pigo, yule msichana alilijibu kwa bega. Mwezi haukupita Usi akapeleka posa. Kwa hesabu yake, mke aliyempata kwa ngoma hawezi kuchukuliwa ila na mtu wa ngoma, na katika kisiwa chote hakumwona wa kumtia hofu. Sauti hakuitia katika hesabu. Walikuwa wameishi vizuri, ingawa hawakujaaliwa mtoto wa kulea, na jambo hilo Usi hakulizungumza nyumbani wala barazani.

Muhiddin, huyo mwimbaji, alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi. Asubuhi aliwaongoza watalii katika msitu wa Jozani kuwaonesha kima punju, jioni aliimba. Sauti yake haikuwa kubwa. Alikuwa amesoma Kurani kwa tajwidi tangu utotoni, na pumzi yake alijua kuiweka. Waimbaji wengi hulikamata neno pale pigo linapotua. Yeye aliliacha pigo litue kwanza, akasubiri, kisha akalileta neno nyuma yake taratibu, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. Wimbo wake wa Idi ulikuwa mpya kikundini, na maneno yake yalikuwa mepesi:

*Nimekaa mlangoni, na udi nimefukiza,*
*Nimepamba na nyumbani, taa sijaipunguza,*
*Mgeni yuko njiani, moyo naubembeleza.*

Kisha kiitikio:

*Wa kuja hajawasili, mlango haujafungwa.*

Asubuhi ya pili Usi alianza kumwuliza kwa kuzunguka.

"Jana macho yalikuwa na nini?"

"Macho ya nani?" Mwanamkasi alikuwa anamimina chai.

"Yako. Nilikuona unayafuta."

"Vumbi."

"Ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha?"

"Basi moshi wa udi. Kunywa chai, Usi, inapoa."

Siku ile ile Mwanamkasi aliomba wimbo ule kwa jirani aliyeurekodi, ukaletwa kwenye simu yake. Tangu hapo ukawa unachagua mchele naye, unafua naye, unaunga naye mchuzi. Usi akirudi kazini huikuta sauti ya Muhiddin imemtangulia jikoni.

"Simu hiyo haina wimbo mwengine?"

"Zako nazisikia kutwa kwenye misumari, mume wangu. Niache na huu mmoja."

Alijaribu na kuimba. Alingoja mkewe akae kibarazani na ungo, akasafisha koo, akaanza *Nimekaa mlangoni* kwa sauti aliyoiona nzito na ya kiume. Alipofika kwenye udi, Mwanamkasi aliuweka ungo chini.

"Usi, we! Nyamaza, majirani watadhani tunachinja!"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Zamani Usi angalifurahi kumchekesha hivyo. Siku hiyo aliingia ndani akakaa peke yake kwenye kiti, akaona kuwa amepewa kicheko na mwenzake amepewa machozi, na hakuwa na shaka kipi kati ya viwili hivyo hutoka mbali zaidi.

Mazoezini mambo yalizidi. Alimvuta Muhiddin pembeni, karibu na ngazi, akamwambia kwa sauti ya chini lakini kavu, "Unachelewa, bwana mdogo. Maneno yako yanabaki nyuma ya ngoma."

"Nnachelewa kwa makusudi, kaka Usi," Muhiddin alijibu kwa adabu. "Wewe ndiye unayenipa pa kuchelewea. Pigo lako lile la chini likitua, mimi najua niko nyumbani." Kisha, kwa nia njema kabisa, akaongeza, "Bi Mwanamkasi hajambo? Aliniambia wimbo umemgusa."

"Alikwambia lini?"

"Siku ya Idi, tulipokuwa tunatoka. Pale mlangoni."

Usi alisema mkewe hajambo. Alirudi kwenye kiti chake, na ngozi ya dumbak jioni hiyo iliona taabu.

Kuanzia hapo wivu wake ulipata ufundi. Aliuhamishia wimbo kwenye simu yake, akawa anausikiliza kibandani kwa visikizio vya masikioni, huku mdomo umejaa misumari na kochi la mtu limelala chali mbele yake. Hakuyasikiliza maneno. Alitafuta mahali. Alijua, kama fundi ajuavyo mbao inapolia, kwamba wimbo mzima haumlizi mtu; kuna pahala pamoja unapomkamata. Akapapata. Kwenye kiitikio, Muhiddin anaposema *hajawasili*, hunyamaza. Fidla hushuka. Dumbak imeshapiga pigo lake la chini na bado haijarudi. Kwa muda mdogo hakuna kitu chochote, na katika utupu huo msikilizaji hubaki na nafsi yake tu, hajui kama mlango umefungwa au la. Ndipo sauti inaporudi.

Usi alitoa misumari mdomoni. "Hapo," alijisemea. "Hapo ndipo anapoingilia mwizi." Akaamua kupaziba.

Fursa aliiletewa na dada yake mwenyewe. Zeyana alikuwa mkubwa wake, mama wa watoto saba, mwanamke mwenye mwili, vito na ulimi, na alikuwa anamwoza binti yake kitinda mimba. Kikundi cha Bwana Champsi kilialikwa kupiga kwenye sherehe ya wanawake, baada ya Alasiri, katika ukumbi wa Ng'ambo. Mwanamkasi alikaa safu ya mbele pamoja na mawifi zake kama ilivyompasa, amevaa gauni la rangi ya zambarau, na viganja vyake vimeiva hina. Usi alimwona anatengeneza mtandio wakati Muhiddin anasimama, akaona jinsi anavyokaa sawa kitini kama mtu anayetarajia kupokea kitu. Moto ukampanda mpaka kwenye vidole.

Ubeti wa kwanza aliupiga kama ulivyo. Kiitikio kilipofika, Muhiddin akasema *hajawasili*, akanyamaza, na Usi akalijaza pengo lote kwa mapigo ya haraka, makavu, ya ukingoni mwa ngozi. Muhiddin aligeuka kidogo. Bwana Champsi alikunja uso. Ubeti wa pili Usi hakurudi tena kwenye wahda. Aliutia mkono wake wote katika kidumbak, ile ya ujana wake, na kwa kuwa kikundi hakiwezi kwenda njia mbili mbele ya watu, kikamfuata.

Sauti ya Muhiddin haikuwa na pa kukaa. Hakuweza tena kuchelewa, maana kila aliponuia kusubiri alikuta pigo limeshamsukuma mgongoni. Ilimbidi ayatupe maneno, na maneno yaliyotupwa hupanda juu na kuwa makali. Usi alifurahi. Alichokuwa amekisahau, yeye aliyezaliwa katika harusi za aina hiyo, ni kwamba ukumbi wa wanawake hauyasikilizi maneno peke yake. Maneno ya kungoja, yakiimbwa polepole, ni ya yule anayengoja. Yakiimbwa mbiombio, kwa sauti ya juu na makofi, huwa yanasemwa na wengine juu yake, na hapo huwa ni mpasho. Na mpasho hauwezi kuelea hewani, hutafutiwa mtu wa kuuvaa.

Vigelegele vikalipuka. Zeyana aliinuka na noti mkononi ili kumtunza mwimbaji. Hakwenda moja kwa moja jukwaani. Alizunguka kwa kucheza, bega moja baada ya jingine, mpaka akasimama mbele ya kiti cha wifi yake, akayumba pale pale, akanyoosha kidole kuelekea tumbo la lile gauni la zambarau na kukizungusha, huku akiimba pamoja na waitikiaji:

*Wa kuja hajawasili!*

Wawili wengine wakamfuata. Ukumbi mzima ukageuza shingo. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa.

Usi aliona, na mikono yake ikaendelea. Ndivyo mapigo yale yalivyo, hayana kizuizi. Yeye mwenyewe alikuwa ameyapanda na hakujua pa kushukia.

Mwanamkasi alingoja mpaka Zeyana alipokwenda kutunza na kurudi. Kisha akasimama. Wanawake wakapiga vigelegele zaidi, wakidhani anakwenda kujibu. Alipanda jukwaani, akampita Muhiddin aliyekuwa ameshainamisha kichwa kupokea, akampita Bwana Champsi na fidla yake, akasimama mbele ya mumewe. Akatoa noti, akaiweka juu ya ngozi ya dumbak, katikati, chini ya mikono ya Usi, na kuibana kwa kiganja chake chenye hina.

Ngoma ikafa. Wapigaji wengine waliburura mapigo machache, wakaacha. Kumtunza mpiga ngoma wakati mwimbaji amesimama si ada, na kila aliyekuwemo alifahamu: huyu anasema kuwa maneno yale hayakutoka kinywani mwa mwimbaji. Mwanamkasi aliteremka, akaokota mkoba wake, akatoka.

Sherehe ilipokwisha Usi alimfuata Zeyana nyuma ya ukumbi, penye masufuria.

"Dada, nenda kamtake radhi Mwanamkasi."

"Kwa lipi? Nimeimba mimi?"

"Umemnyooshea kidole mbele ya watu."

"Nimecheza ngoma yako! Wimbo ule siku ya Idi mimi nlikuwapo, nlitulia tuli kama niko matangani. Leo umeugeuza mpasho, ukatupiga nao, unataka tukae?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "We Usi, hebu niambie. Si ushamchoka? Mimi nlidhani unatuambia kwa ngoma lile usiloweza kulisema kwa mdomo."

Usi alikwenda nyumbani kwa miguu.

Mwanamkasi alikuwa anakunja nguo na kuzitia katika mkoba wa safari. Hakugeuka. Usi alisimama mlangoni, na katika maneno yote aliyoyatunga njiani ya kuomba radhi, wivu ulitangulia ukasema wa kwake.

"Siku ya Idi ulikuwa unamlilia nani?"

Mkono wa Mwanamkasi ukasimama juu ya kanga. "Kumbe ndo hilo."

"Nijibu."

"Muhiddin? Huyu anayewaonesha wazungu kima?" Alicheka bila furaha. "Usi, ningekuwa natafuta mwanamme ningemtafuta mwenye gari, si mwenye kushindia msituni."

"Mlisema mlangoni."

"Nlimwambia ahsante. Mtu akikupa kitu humwambii ahsante?"

"Amekupa nini?"

"Nafasi."

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Alipoanza tena alisema polepole, na Usi alijua kabla hajalitaja kwamba atalitaja.

"Yule mwanetu hakufika siku ya saba. Hata jina hatukumpa. Wewe ulikuwa umeshatoa ahadi, na wiki ile ile ukenda kupiga harusini, mtaa wa pili tu hapo. Ngoma yako ilikuwa inanifika kitandani. Nataka kulia, na miguu inataka kucheza. Miguu yangu mimi, Usi, niliyezaa juzi na kuzikiwa jana, inakwenda chini ya shuka kwa mapigo yako. Nlijichukia. Na tangu siku ile, kila nnapotaka kulia, we ushapiga. Hapa unagonga, pale unagonga, nyumba nzima inacheza. Muhiddin akisema hajawasili, ananyamaza. Mimi silii kwa sauti yake. Nalia pale anaponyamaza."

Kitu fulani ndani ya Usi, hata wakati huo, kilitaka haki yake. "Pale napaacha mimi," alisema kwa unyonge. "Kimya kile ni changu. Bila mimi asingekuwa na pa kunyamazia."

"Ulikuwa unapaacha," Mwanamkasi alisema. "Leo umepaziba, na watu wakanichezea juu yake."

Alifunga mkoba. Alikuwa anakwenda Makunduchi kwa mama yake. Atarudi, alisema, talaka hakuitaja. "Lakini nikirudi ntakwenda kuusikiliza wimbo ule. Na dumbak usipige wewe."

"Apige nani?"

"Yeyote. Hata Mkadam."

Mkadam alikuwa mpiga tari wa kikundi, na Usi alikuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu kwamba ana mikono ya uji. Angepigwa kibao, kingemuuma kidogo kuliko jina hilo.

Wiki zile alizokaa peke yake aligongomea makochi kama fundi yeyote. Alimtaka radhi Bwana Champsi, aliyemwambia tu, "Mimi umeniharibia wimbo. Nyumba yako waijua mwenyewe." Alimtaka radhi Muhiddin, na akaona ugumu wake, kwa sababu yule kijana alisamehe upesi mno. Zeyana aliapa hatakwenda popote kumtaka mtu radhi. Mwisho naye alipakia halua na kanga mpya, akapanda gari la Makunduchi, na walilozungumza huko wawili hao hawakumsimulia Usi.

Onesho lililofuata la kikundi liliwekwa Jumamosi, mapema, mara baada ya Magharibi. Mwanamkasi alikuwa amerudi siku mbili kabla. Walisalimiana, wakala. Usi alipiga nyimbo za mwanzo zote. Bwana Champsi alipoashiria kuwa wimbo wa Muhiddin ndio unaofuata, Usi alisimama, akampa Mkadam dumbak mbele ya ukumbi mzima. Mkadam aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu.

Usi akateremka jukwaani. Hakuwahi kuingia katika viti vya ukumbi ule, na hakujua njia. Alipita mbele ya magoti ya watu akinong'ona samahani, samahani, mpaka akafika alipokaa mkewe, ukingoni mwa viti vya wanawake. Mwanamkasi hakumtazama. Baada ya muda aliuondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, akauweka miguuni.

Muhiddin akaanza. Mkadam akalitua pigo la chini, si vibaya, na Usi akahisi wivu mpya ukimwingia, mkali kuliko ule wa kwanza, kwamba mtu mwengine naye analijua. Vidole vyake vikaanza kutafuta goti. Aliona kiitikio kinakuja. Aliisukuma mikono yake chini ya mapaja yake, akaikalia kwa uzito wake wote, na Muhiddin aliponyamaza, Usi akamsikia mkewe akivuta pumzi.